Mji Uliokosa Honi: Bagamoyo, Treni za Mchezo na Sauti Tulizoziacha Zipotee

Ndugu zangu, hebu turudi mwaka 1891. Mwaka huo, kwenye maonyesho ya biashara ya mji wa Leipzig, kampuni ya Kijerumani ya Märklin kutoka Göppingen ilionyesha treni za mchezo zenye reli za vipimo maalum. Siku hizi jambo hilo linaonekana dogo. Kabla ya hapo kila mtengenezaji alikata bati lake atakavyo, na treni ya huyu haikupita kwenye reli za yule. Kuanzia hapo mtoto aliweza kununuliwa kichwa mwaka huu, mabehewa mwaka ujao na reli za kona mwaka unaofuata, na vyote vikaingiliana.

Mwaka huohuo wa 1891, Wajerumani haohao walihamisha makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam. Na mwaka huohuo ikaanzishwa kampuni ya kujenga reli ya kweli kutoka Tanga kuelekea Usambara.

Kwa hiyo mwaka ambao mtoto wa tajiri wa Kijerumani alihakikishiwa treni sebuleni kwao, Bagamoyo ilianza safari ya kuwa mji mkubwa wa kale wa pwani usiofikiwa na treni. Hadi leo hakuna aliyeamka mjini pale kwa honi ya garimoshi.

Mtaniuliza, wewe mwandishi wa habari treni za mchezo zinakuhusu nini? Zinanihusu kwa sababu moja tu: sauti. Duniani kuna watu wazima, wengine wastaafu wa reli, wanaotumia jioni zao kufufua sauti ndani ya vichwa vya treni vya mchezo vya zamani. Wabongo wengi tutacheka. Lakini ukifuatilia wanachokifanya, unagundua kwamba kazi yao ni ya historia kuliko ilivyo ya umeme. Na unagundua kwamba sisi, tuliokuwa na treni za kweli zenye milio ya kweli, tunaweza kushindwa kufanya kazi hiyo kwa kukosa cha kunakili.

Tuanze na nyumbani.

Bagamoyo haikuwa mji wa kimya. Ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora, zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Mbele ya msafara alitembea kirangozi, na msafara ulikuwa na ngoma na baragumu la pembe. Ngoma iliita watu waamke na wajitwike mizigo. Baragumu liliwaambia walio nyuma kwamba njia iko huku, na liliwaambia wa kijijini kwamba wageni wanakuja. Ukikaribia pwani, bunduki zilipigwa hewani. Kwa maneno mengine, msafara ulikuwa na honi yake kabla honi ya treni haijafika Afrika Mashariki.

Mpagazi mmoja alibeba kama frasila mbili, yaani ratili 70, au kilo zipatazo 32. Piga hesabu mwenyewe: tani moja ya pembe za ndovu au vitambaa ilihitaji wapagazi zaidi ya 30. Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871 na kumkuta Livingstone Ujiji Novemba mwaka huohuo. Mwili wa Livingstone ulipofika Bagamoyo Februari 1874, nao ulikuwa umebebwa mabegani kutoka ndani kabisa ya bara. Tena katika misafara hiyo wapo waliokuja kwa hiari kutafuta ujira, hasa Wanyamwezi, na wapo waliokuja wamefungwa minyororo. Tusiipambe historia. Sauti ya Bagamoyo ilikuwa na ngoma, na ilikuwa na mnyororo pia.

Kwa nini basi reli haikuja? Sababu iko pale pale ufukweni. Nenda Bagamoyo maji yakiwa yametoka, utayaona majahazi yamelala kwenye mchanga na tope. Kwa jahazi hilo si tatizo, bali ni faida, maana linashusha mzigo huku limekaa chini. Lakini meli kubwa ya chuma ililazimika kutia nanga mbali na kushusha kwa mashua. Dar es Salaam ilikuwa na bandari yenye kina, iliyojificha nyuma ya mlango mwembamba. Reli inafuata meli, na meli inafuata kina cha maji.

Tanga walianza kujenga mwaka 1893. Reli ilifika Muheza mwaka 1896, kampuni ikaishiwa fedha, serikali ya kikoloni ikaichukua, ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Dar es Salaam walianza mwaka 1905, wakafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Hiyo ya pili, yenye zaidi ya kilomita 1,250, ilifuata kwa sehemu kubwa mwelekeo uleule wa misafara. Tofauti ni kwamba ilipofika pwani haikuingia Bagamoyo, iliingia Dar.

Kaskazini kuna treni, kusini kuna treni, Bagamoyo katikati imekaa inasikiliza mawimbi. Baragumu la kirangozi likanyamaza na hakikuja kitu cha kuchukua nafasi yake.

Sasa turudi kwenye treni za mchezo.

Treni nyingi za mwanzo za Märklin na za mshindani wao Bing wa Nuremberg hazikuwa na sauti zaidi ya kelele za bati na gia. Ulizijaza kwa ufunguo kama saa ya mezani, zikazunguka mpaka zikachoka. Lakini zilikuwepo pia zilizotumia mvuke wa kweli. Kichwa kilikuwa na tangi dogo la maji, chini yake taa ya spiriti, na baadhi vilikuwa na filimbi ndogo iliyopulizwa na mvuke huohuo. Hapo mlio haukuigizwa. Ilikuwa honi ya kweli iliyopunguzwa ukubwa.

Filimbi ya mvuke, kubwa au ndogo, inafanya kazi hivi. Mvuke unapita kwenye ufa mwembamba wa duara, unagonga ukingo wa kikombe cha chuma kilicho juu yake, na hewa iliyomo ndani ya kikombe inatetemeka. Kikombe kirefu hutoa sauti nene, kikombe kifupi hutoa sauti nyembamba. Ukikigawa kikombe vyumba vya urefu tofauti, unapata sauti kadhaa kwa mpigo mmoja, kama waimbaji wa kwaya. Ndiyo maana wanaojua treni wanatofautisha nchi kwa masikio. Vichwa vya Kijerumani kwa kawaida vilipiga sauti moja nyembamba na kali. Vya Kimarekani vilipenda ile ya vyumba vingi, nene, inayolia kama watu wa msibani.

Filimbi hiyo ndogo ya mchezo ikiziba, dawa yake si ngumu. Adui ni ile chokaa ya maji inayoganda kwenye ufa. Unaiondoa kwa siki na subira, na baada ya hapo hutumii maji ya bomba, sembuse maji ya kisima cha pwani yenye chumvi. Unatumia maji ya mvua yaliyochujwa. Mama zetu wa pwani wanaoijua chokaa ya ndani ya birika wangemaliza kazi hiyo asubuhi moja.

Umeme ulipochukua nafasi ya mvuke kwenye treni za mchezo, sauti ikawa tatizo jipya. Mvuke haupo, utapuliza nini? Jibu maarufu kuliko yote lilitoka Marekani mwaka 1935, kwa kampuni ya Lionel iliyoanzishwa na Joshua Lionel Cowen mwaka 1900. Lionel waliweka mota ndogo na feni ndani ya kile kibehewa cha makaa na maji kinachofuata nyuma ya kichwa. Feni inasukuma hewa kwenye vyumba viwili vya urefu tofauti, zinatoka sauti mbili kwa pamoja, na sebule nzima inageuka stesheni.

Kilichonivutia zaidi ni namna ya kuiamrisha. Reli za mchezo zinapitisha umeme uleule unaoendesha treni. Sasa utaiambiaje filimbi ipige bila kuzuia treni kwenda? Treni za Lionel zilitembea kwa umeme wa aina ya ule wa ukutani, unaogeuka mwelekeo mara nyingi kwa sekunde. Ukibonyeza kitufe cha honi, kifaa kinaongeza juu yake umeme kidogo wa aina ya betri, unaokwenda upande mmoja tu. Ndani ya kibehewa kuna swichi ya sumaku isiyojali ule wa kwanza, lakini ikiusikia wa pili inafunga, mota inazunguka, honi inalia. Reli moja, jumbe mbili! Leo tunashangaa simu moja kubeba sauti na intaneti kwa pamoja, kumbe wazo la jamaa hilo lilikuwa sebuleni mwaka 1935.

Kifaa hicho kikinyamaza baada ya miaka 70 au 80, ugonjwa wake karibu kila mara ni mmoja kati ya minne. Kwanza, ncha za swichi ya sumaku zimeota kutu, zinahitaji kusuguliwa taratibu bila kuzikunja. Pili, brashi za kaboni za mota zimelika. Tatu, grisi ya zamani imeganda ikawa kama gundi, mota inavuma lakini haizunguki. Nne, kasha la feni limepata ufa au mfuniko haukazi, hewa inavuja, na honi inatoa pumzi badala ya mlio. Hilo la nne ndilo linalowatesa wengi, kwa sababu umeme wote uko sawa, testa inasema sawa, lakini sauti haipo. Fundi anayejua umeme peke yake hapo anakwama. Anatakiwa ajue filimbi.

Mpe kitu hicho fundi redio wa Kariakoo au wa Bagamoyo mjini, aliyezoea kufufua redio za mkulima, naamini hatamaliza siku bila kukijua. Ni vilevile: chuma cha kulehemu, risasi, brashi, kusafisha, kusikiliza.

Kisha zikaja zama za elektroniki. Mwaka 1968 kampuni ya Ernst Paul Lehmann ya Nuremberg ilianza kutoa treni kubwa za bustanini zinazoitwa LGB. Hapa Watanzania tutege sikio. Reli za LGB zina upana wa milimita 45, na treni zake za msingi ni za kipimo cha 1 kwa 22.5. Zidisha 45 kwa 22.5, unapata kama milimita 1,012. Yaani mita moja! LGB ilikuwa inaiga reli za upana wa mita moja, ambao ndio upana wa reli yetu ya kati na reli ya Tanga. Ukiweka treni ya LGB chini, unatazama upana uleule alioulaza Mjerumani kutoka Tanga mwaka 1893, ila umepunguzwa.

Treni za namna hiyo zilipoanza kuwekewa sauti za elektroniki, kazi ikawa na sehemu tatu: chombo cha kutunza au kutengeneza sauti, spika, na kitu cha kuiambia sauti ilie wakati gani. Hicho cha tatu ndicho roho ya mambo. Treni ya mvuke inapumua "chuf, chuf, chuf" kwa sababu kila pistoni ikifika mwisho wa safari yake, mvuke uliotumika unatoka kwa nguvu kwenye bomba la moshi. Kichwa cha kawaida chenye silinda mbili kinapumua mara nne gurudumu likizunguka mara moja. Kwa hiyo watengenezaji waliweka mguso kwenye ekseli ya treni ya mchezo, ili gurudumu lenyewe liiamrishe sauti. Mguso ukichafuka, treni inakimbia huku inapumua kama imelala. Ndilo kosa la kwanza kuangalia.

Baada ya hapo unakagua spika. Nyingi za zamani zina koni ya karatasi, na karatasi haipendi unyevu. Kisha betri, kwa sababu baadhi ya mifumo ilitumia betri ili sauti isikatike treni ikisimama, na betri iliyosahaulika ndani huvuja na kula shaba mpaka inaacha kutu ya kijani. Kisha kapasita zilizozeeka. Kisha magurudumu na reli zenyewe, maana umeme unapita humo humo, na uchafu kidogo tu unafanya sauti ikatikekatike.

Kwa watu wa pwani yetu yote haya ni mara mbili. Bagamoyo wanavuna chumvi pale Nunge, nje kidogo ya mji. Chumvi hiyohiyo imo hewani. Inakula mabati, inakula redio, inakula vitasa vya milango. Mfumo wa sauti unaodumu miaka 30 kwenye dari kavu la Ulaya hauwezi kudumu hivyo kwenye kabati la Bagamoyo, Saadani au Pangani. Ukimaliza kulehemu, safisha, kausha, paka kinga kwenye saketi, na hifadhi kitu chako mahali pakavu. La sivyo utarudi kwa fundi kabla ya masika mengine.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike.

Tuseme mfumo umekufa kabisa, hauponi. Leo dawa ni rahisi: unang'oa wa zamani, unaweka kijisaketi kipya cha kidijitali chenye sauti zilizorekodiwa, spika mpya, kazi imekwisha. Lakini sauti zipi? Hapo ndipo wapenzi makini wa treni hizi wanapogombana, na wana haki ya kugombana. Ukichukua kichwa cha Kijerumani ukakiwekea honi ya Marekani ya vyumba vingi, umekitengeneza au umekiharibu? Kinatoa sauti, ndiyo. Lakini kinasema uongo. Ni kama kurekebisha picha ya babu iliyochakaa kwa kumbandikia uso wa mtu mwingine kwa sababu ndio uliokuwepo studio.

Chukua mfano wetu. Kuanzia mwaka 1955, kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kiliiletea East African Railways and Harbours, shirika lililounganisha reli za Kenya, Uganda na Tanganyika tangu mwaka 1948, vichwa 34 vya daraja la 59. Vilikuwa vya aina ya Garratt: tangi la mvuke katikati, na injini mbili, moja mbele yake na moja nyuma yake. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani zipatazo 252, na vilihesabiwa kuwa vichwa vya mvuke vyenye nguvu kuliko vyote duniani kwenye reli za upana wa mita moja. Vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Namba 5918 iliitwa Mount Gelai, yaani mlima Gelai, ule ulio kwetu karibu na Ziwa Natron.

Garratt ina silinda nne. Hesabu: injini ya mbele inapumua mara nne kwa mzunguko, ya nyuma mara nne. Na kwa kuwa injini hizo mbili hazijafungwa pamoja, magurudumu yao hayaendi sawasawa. Dakika hii zinapumua pamoja kwa mkupuo mmoja mzito, dakika inayofuata zinapishana na unasikia pumzi nane zinazokimbizana, kisha zinarudi pamoja tena. Mlimani mlio huo ulikuwa kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Ukitengeneza mfano wa Garratt ukauwekea sauti ya kichwa cha kawaida, pumzi nne safi zisizobadilika, anayeijua atacheka. Asiyeijua ataamini, na ndio ubaya wenyewe.

Kwa bahati, Mount Gelai ipo. Imehifadhiwa kwenye Makumbusho ya Reli ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1971, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilifufuliwa ikatembea tena. Kichwa kingine cha mvuke, namba 3020 kilichopewa jina la Nyaturu, nacho kilirudishwa kwenye uhai hapohapo Nairobi. Tazama majina hayo. Gelai ni mlima wa Tanzania. Wanyaturu ni watu wa Singida. Anayetaka kujua treni yenye jina la kabila la Singida ililiaje, alipaswa kwenda Nairobi.

Sisemi hivyo kwa wivu. Nawapongeza Wakenya. Nauliza tu: sisi tumetunza nini? Shirika lile la pamoja lilivunjika mwaka 1977, kila nchi ikachukua chake, nasi tukaanzisha Shirika la Reli Tanzania, TRC. Mvuke ukaondoka taratibu, dizeli ikachukua njia. Chuma kilichochakaa kina bei, na kilo ni kilo. Naelewa kabisa nchi maskini haiwezi kuhifadhi kila mtambo. Lakini sauti haina uzito. Kanda moja ingetosha.

Nchi hii si kwamba haijui kurekodi. Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 akirekodi ngoma na nyimbo, na kazi yake ipo hadi leo. Kanda za iliyokuwa Redio Tanzania zinajulikana kwa hazina ya muziki. Bagamoyo wenyewe, tangu mwaka 1981, wana Chuo cha Sanaa, sasa TaSUBa, ambako ngoma za makabila zinafundishwa darasani. Tumeona ngoma ni urithi, na ni sawa. Mtambo tumeuona kelele. Lakini kwa mzee wa Tabora au Korogwe, honi ya saa fulani ya usiku ndiyo ilikuwa saa ya ukutani. Kwa mke wa dereva wa treni ilikuwa habari kwamba mume amerudi salama. Hiyo ni kelele?

Hata lugha yetu inashuhudia. Waswahili tuliiita garimoshi, gari la moshi, kwa kitu tulichokiona. Moshi umeisha. Treni ya kisasa ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na kufika Dodoma Julai mwaka huohuo, haina moshi wala pumzi. Inapita Soga na Ruvu, kwenye mkoa uleule wa Pwani ilipo Bagamoyo. Mtoto anayekua leo Ruvu atakuwa na neno "garimoshi" kwenye kitabu cha shule, asijue moshi uko wapi.

Tusisahau pia kwamba reli iliikaribia Bagamoyo mara moja, ila kwa mgongoni. Mwaka 1963, miaka miwili baada ya Uhuru, ilifunguliwa njia ya Ruvu hadi Mnyusi, kama kilomita 190, kuunganisha reli ya kati na ile ya Tanga. Ilipita bara, ikavuka mto Wami, ikapita kwenye mapori ya wilaya ya Bagamoyo mbali na mji wenyewe. Baadaye ikalala kwa miaka mingi bila treni ya abiria, mpaka safari za Dar es Salaam hadi Moshi ziliporudi Desemba 2019, na Arusha Oktoba 2020. Watu wa vijiji vya njia hiyo walisikia tena honi ya dizeli ambayo watoto wao hawakuwahi kuisikia. Nayo hiyo honi ya dizeli siku moja itaondoka. Nani ameirekodi ikivuka daraja la Wami alfajiri?

Siku hizi kazi hiyo haihitaji studio. Simu iliyo mfukoni mwako ina kinasa sauti bora kuliko mitambo mingi ya enzi za mvuke. Kinachohitajika ni utaratibu: andika tarehe, mahali, namba ya kichwa, kilikuwa kinapanda au kinashuka, kimebeba mzigo au kitupu. Rekodi isiyo na maelezo hayo ni kelele kweli. Yenye maelezo hayo ni kumbukumbu. Halafu watafuteni wastaafu wa reli waliopo Tanga, Korogwe, Morogoro na Tabora. Muulize dereva wa zamani honi ya kuomba njia ilipigwaje, ya hatari ilipigwaje, ya kuwaita wafanyakazi ilipigwaje. Wengi wao wataiiga kwa mdomo, na hiyo nayo irekodini. Mdomo wa mzee aliyeendesha treni miaka 30 ni ushahidi mzuri kuliko kijisaketi cha dukani.

Kwa Bagamoyo tumechelewa sana. Baragumu la kirangozi lilinyamaza hakuna mashine ya kulinasa, na sasa tunalisoma tu kwenye vitabu vya wageni waliopita wakilalamika kwamba liliwanyima usingizi. Kwa mvuke tumechelewa nusu, Nairobi imetuokolea kidogo. Kwa dizeli hatujachelewa hata siku moja. Siku kijana wa Kitanzania atakapotengeneza mfano wa treni ya kwao, mrefu kama mkono, na kutafuta sauti ya kuuwekea, isiwe lazima amwekee honi ya Chicago.